Habari za Uwanja wa Ngoma na Chuo Kikuu

Siku hizi hapa Buzuruga, na yamkini huko kwenu pia, husikika swali ambalo babu zetu hawakupata kuulizwa. Kijana amemaliza masomo ya sekondari na kufaulu vema. Baba yake amekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya ada, na jamaa wote wanangoja kusikia kwamba atakuwa mganga wa hospitali, au mwanasheria, au walau mwalimu. Kijana anasimama mbele ya wazee, anasema kwamba atakalo kusomea katika chuo kikuu ni sanaa za maonyesho, yaani michezo ya kuigiza, nyimbo na ngoma. Mama hunyamaza. Baba huuliza: "Je, nimeuza ng'ombe zangu ili mwanangu akafundishwe na profesa jambo ambalo babu yake alilijua bila kushika kalamu?"

Swali hili lina akili ndani yake, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Nimeona ni vema kulijibu kwa njia ya historia, kwa sababu habari ya jinsi elimu hii ilivyoingia katika chuo kikuu cha nchi yetu yawahusu sana watu wa kando ya ziwa, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Profesa na yule babu walipata kukutana, nao walikutana katika Usukuma.

Tuanze na babu. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 walikuwako mafundi wawili wa ngoma na wa dawa, mmoja jina lake Ngika na wa pili Gumha. Wakashindana, na ushindani wao ukawa mkubwa hata watu wakagawanyika nyuma yao. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo, kila ngoma ya mashindano katika Usukuma ikawa na pande hizo mbili, na mtu akizaliwa katika nyumba ya Bagalu, alijua tangu utoto wake atasimama upande gani wa uwanja.

Jinsi ya kushindana ni hii. Mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Agosti, makundi mawili hukutana katika uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hili la kwanza haliishi ndipo la pili lianze. Yote mawili hucheza pamoja, kila moja upande wake, na watu wote huwa katikati, huru kwenda watakako. Kundi lenye watazamaji wengi zaidi ndilo lililoshinda. Hapana karatasi ya alama, hapana waamuzi walioketi mezani. Mwamuzi ni miguu ya watu. Mcheza ngoma akianza kuwachosha, huiona adhabu yake saa ile ile kwa macho yake, maana watu humgeuzia kisogo, wakavuka uwanja kwenda kwa mpinzani wake.

Kwa sababu hiyo ilimpasa manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, kuwa na akili nyingi. Alitunga nyimbo mpya kila mwaka, kwa kuwa wimbo wa mwaka jana hauvuti mtu. Aliimba juu ya njaa, juu ya watemi, juu ya bei ya pamba, juu ya ubaya wa mpinzani wake. Alijua kuwapanga wachezaji wake, na kujua ni saa ngapi awanyamazishe kwa ghafula ili uwanja wote ugeuke kumtazama. Wengine walichonga vinyago vya miti, wakavionyesha kwa wakati uliochaguliwa. Wengine walileta wanyama. Bayeye, wale wa chama cha nyoka, walicheza na chatu mabegani, nao walikuwa na ujuzi wa dawa za sumu ya nyoka. Na ile bugobogobo, ambayo leo watu huitazama kama mchezo tu, ilitoka shambani, katika kazi ya kulima kwa pamoja. Ndiyo sababu wachezaji wake hurusha majembe hewani na kuyadaka. Vijana walijifunza mambo haya kwa manju mzee kwa miaka, wakimtumikia na kumchukulia ngoma zake, kama fundi seremala afundishavyo wanagenzi wake.

Basi, tukisema kwamba mchezo ni mtu kusimama mbele ya watu na kuwafanya waone kitu ambacho hakipo, wakakisadiki kwa saa moja, wakaondoka wakikifikiri, wazee wetu walikuwa nao kabla ya mtu yeyote kuwaletea kitabu cha Shakespeare. Jina la Ng'wanamalundi bado lakumbukwa na kila nyumba. Mtu huyu alikuwa mcheza ngoma na mwenye dawa, akazunguka nchi za ziwa, na umati wa watu ukimfuata; serikali ya Wadachi ikamwogopa, ikamkamata na kumfunga. Watawala hawamfungi mtu kwa sababu anajua kuruka. Walimfunga kwa sababu watu walikuwa wakimfuata.

Sasa ni lazima kusema neno juu ya misheni, maana jambo hili latugusa. Katika misheni nyingi za zamani Wakristo walikatazwa kwenda ngomani. Hofu ya wamisionari haikuwa bure kabisa: ngoma za mashindano zilifungamana na dawa ya kuvuta watu na ya kumwangusha mpinzani, na pombe, na mikesha ambayo haikuwa na mwisho mwema kwa wasichana. Walakini pamoja na dawa wakatupa na wimbo, na utungaji, na ujuzi wote nilioueleza. Na katika shule zile zile ambamo ngoma ilikatazwa, wakati wa Noeli watoto walivikwa mashuka, wakawa wachungaji na mamajusi mbele ya wazazi wao. Hivyo mtoto wa shule akajifunza bila kuambiwa kwamba mchezo wa kitabuni ni elimu, na mchezo wa babu yake ni ushenzi. Mafundisho yale yamekaa ndani yetu mpaka leo, nami nadhani yule baba wa Buzuruga auzaye ng'ombe anayo moyoni kuliko ajuavyo.

Tena Kanisa lenyewe lilikwisha kupita njia hii katika Ulaya. Mnamo mwaka 200 hivi, Tertullian wa Carthage aliandika kitabu kizima kuwakataza Wakristo kwenda katika michezo ya Warumi. Lakini katika karne ya 10, katika ibada ya Pasaka, mapadre na watawa walianza kuigiza mbele ya altare wale wanawake waliokwenda kaburini, na malaika akiwauliza wanamtafuta nani. Na kutoka katika maswali na majibu hayo machache michezo mikubwa ya Kikristo ikakua, hata ikatoka nje ya kanisa na kuingia sokoni. Watu wa kijiji cha Oberammergau katika Ujerumani, waliotishwa na tauni, waliweka nadhiri ya kuigiza Mateso ya Bwana. Wakaigiza mara ya kwanza mwaka 1634, na wazao wao wangali wanafanya hivyo, kwa kawaida kila miaka 10.

Kwetu sisi mabadiliko yalionekana karibu kabisa. Mtu akitoka Buzuruga akishika barabara ya Musoma, hupita Igoma, akafika Kisesa. Hapo huiacha barabara kuu, na mbele kidogo yupo Bujora. Katika miaka ya 1950 alikaa hapo Padre David Clement, mtu wa Quebec katika Kanada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika ambao watu waliwaita White Fathers. Padre huyu alijifunza Kisukuma na desturi zake kwa bidii, akakusanya vyombo vya watemi na ngoma zao, akajenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na mwaka 1968 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho ya Wasukuma. Katika sikukuu ya Ekaristi, ambayo huko yaitwa Bulabo, neno lenye maana ya maua, aliwaita Bagika na Bagalu waje na ngoma zao. Wale waliokatazwa na misheni wakakaribishwa na misheni. Sikukuu ya Bulabo imeendelea hata baada ya kufa kwake Padre Clement mwaka 1986.

Hayo ndiyo mambo ya babu. Sasa twende kwa profesa.

Isidhaniwe kwamba vyuo vikuu vya Wazungu vimefundisha michezo tangu kale. Vilifundisha vitabu vya michezo, kwa kuvisoma kimya kama mtu asomavyo barua. Katika Uingereza chuo kikuu cha kwanza kuwa na idara ya kuifundisha michezo kama elimu ya pekee, kwa kuisoma na kuicheza, kilikuwa Bristol, mwaka 1947. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba sisi tumeiga jambo la kale la Ulaya amekosea. Wakati chuo cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha elimu hii, Bristol ilikuwa imetangulia kwa miaka 20 tu.

Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1961, katika mwezi ule wa Oktoba uliotangulia uhuru, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia bunge akiwa Rais mpya wa Jamhuri. Alisema kwa masikitiko kwamba wasomi wengi wa wakati wake walijua kucheza dansi za Kizungu kuliko ngoma za makabila yao, akazitaja ngoma hizo kwa majina, akatangaza kwamba ameweka wizara ya utamaduni. Lakini Mwalimu mwenyewe, mtu wa Butiama, jirani yetu wa upande wa mashariki ya ziwa, alikuwa pia mpenzi mkubwa wa Shakespeare. Mwaka 1963 tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilipigwa chapa kwa Kiswahili, na mwaka 1969 ikafuata *Mabepari wa Venisi*. Hakuona shida kuyashika yote mawili. Wengi waliomfuata waliona shida.

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, masomo ya sanaa za maonyesho yakaanza katika chuo cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa kwanza walifundishwa kama ilivyofundishwa kwingine: Wagiriki wa kale, Shakespeare, na wenye kufuata, mpaka Bertolt Brecht, Mjerumani. Walijifunza kuitumia sauti na mwili, kuongoza wachezaji, kuandika mchezo, kupanga mwanga na mapambo ya jukwaa. Jukwaa nalo lilikuwa la namna ya Kizungu, lenye pazia upande mmoja, na watazamaji wameketi gizani upande wa pili, wamenyamaza. Mtu akizoea uwanja wa Bagika na Bagalu ataona ajabu hiyo mara moja: watazamaji hawawezi kuondoka kwenda kwa mpinzani.

Walakini katika watu wa miaka ile ya kwanza walitoka waandishi ambao majina yao yanajulikana na kila mtoto aliyesoma sekondari. Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, alitoa mwaka 1969 mchezo wake wa *Kinjeketile*, juu ya vita vya Majimaji vya 1905 hata 1907, na juu ya mtu yule wa Ngarambe aliyewapa watu maji na tumaini la kuungana. Uzuri wa mchezo ule ni kwamba hausemi tu kwamba Wadachi walikuwa wabaya na sisi wema. Kinjeketile wa mchezoni ameshikwa na mashaka katika neno lake mwenyewe, na neno limekwisha kumtoka, halirudi tena. Hussein akaenda Berlin, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akapata udaktari wake kwa kuandika juu ya historia ya michezo ya Afrika ya Mashariki. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka 1976 akatoa *Jogoo Kijijini*, ambao haufanani na mchezo wa Kizungu hata kidogo, maana umejengwa juu ya mtambaji wa hadithi, mtu mmoja asimuliaye na watu wakimwitikia, kama ilivyo jioni penye moto.

Penina Muhando, ambaye baadaye ameandika pia kwa jina la Penina Mlama, alipita njia hiyo hiyo. Michezo yake ya kwanza, *Hatia* ya mwaka 1972 na iliyofuata, imekaa vizuri katika jukwaa la pazia. Lakini katika *Nguzo Mama*, mwaka 1982, kuna msimulizi anayezungumza na watu, na nyimbo, na ngoma, na wanawake wa kijiji wakijaribu kuisimamisha nguzo ambayo kila mara huwashinda kwa sababu ya ugomvi na mizigo ya nyumbani. Emmanuel Mbogo naye aliandika *Ngoma ya Ng'wanamalundi*, na hivyo yule mcheza ngoma wetu akaingia katika vitabu vya shule. Serikali nayo ilifungua chuo cha sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kwa wale watakao ustadi wa kazi yenyewe bila shahada ya chuo kikuu.

Hapo palizuka swali gumu. Ikiwa mchezo umetoka kwa watu wa vijijini, mbona wachezao ni wanafunzi, na watazamao ni wanafunzi na wageni wa mjini? Chuo cha Makerere katika Uganda kilikwisha kujaribu kujibu: tangu miaka ya 1960 wanafunzi wake walipanda gari, wakazunguka vijiji na miji wakicheza bila kutoza senti. Ilikuwa kazi njema. Lakini bado ni mtu wa chuo aliyekwenda na chakula kilichopikwa tayari, akawapa watu, akaondoka.

Katika Kenya jambo lilikwenda mbali zaidi, na kwa hatari. Ngugi wa Thiong'o, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Ngugi wa Mirii, walishirikiana na wakulima na vibarua wa Kamiriithu, karibu na Limuru. Wanakijiji wenyewe walijenga jukwaa la wazi, wakasahihisha maneno ya mchezo, wakaimba nyimbo zao za zamani. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Mwezi uliofuata serikali ikaufuta ruhusa, na siku ya mwisho ya mwaka ule Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 askari wakalibomoa lile jukwaa. Yule baba aulizaye kama elimu hii ni mchezo tu na aipime kwa habari hii: hakuna serikali itumayo askari kubomoa kitu kisicho na nguvu.

Na mwaka ule ule wa 1982, walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja kwetu. Walikuwa Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, nao walikwenda Malya, katika Kwimba, kijiji kilicho kando ya reli ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Malya si pahali pasipojulikana. Katika miaka ya 1940 palikuwa na makao ya baraza la muungano wa watemi wa Usukuma. Kazi yao hapo ilichukua mwaka huo na mwaka 1983.

Hawakuleta mchezo. Hilo ndilo jambo ambalo napenda msomaji alishike. Walikuja kwanza kukaa na watu, kuzungumza nao na kuwasikiliza, wazee na vijana, wanaume na wanawake, kuuliza ni jambo gani linalowasumbua katika maisha yao. Na jambo lililojitokeza halikuwa bei ya mbolea wala siasa ya Ulaya. Lilikuwa jambo la aibu, ambalo kila nyumba ililijua na hakuna aliyetaka kulisema mkutanoni: mabinti kupata mimba kabla ya ndoa, wengine wakiwa bado shuleni, na vijana kumaliza shule na kukaa bila kazi.

Mambo kama hayo hayasemeki barazani. Binti hawezi kusimama mbele ya wazee akasema ni nani aliyemharibia masomo, tena huenda mtu huyo ameketi katika kiti cha mbele. Baba hawezi kukiri kwamba alimlaumu mama kwa kosa ambalo lilikuwa lake pia. Lakini uwanja wa ngoma una ruhusa yake ya zamani. Katika Usukuma manju aliweza kumwimba hata mtemi, na watu wakacheka, na mtemi akavumilia. Basi walimu na wanakijiji wakatunga pamoja, kwa ngoma na nyimbo zijulikanazo hapo na kwa maigizo. Katika ngoma za Kisukuma iko wigashe, ichezwayo watu wakiwa wameketi, nayo inafaa sana kwa maneno mazito, kwa kuwa mchezaji hana haja ya kuruka ili asikilizwe. Maonyesho yakafanywa hadharani, na baada yake hapakuwa na pazia la kushuka: watu walibaki kujadiliana, kosa ni la nani, na lifanyike nini.

Jambo hili likawa mfano. Walimu wale na wenzao wakafanya kazi ya namna hiyo katika vijiji vingine, Msoga upande wa Bagamoyo, na Mkambalani katika Morogoro, na mwaka 1991 Profesa Mlama akaieleza katika kitabu kwa Kiingereza, kikasomwa na wanafunzi wa nchi nyingi. Hivi leo kijana asomaye sanaa za maonyesho Dar es Salaam, katika miaka yake 3 ya shahada ya kwanza, hujifunza pamoja na Wagiriki na Shakespeare jinsi ya kwenda kijijini, kukaa, kusikiliza, na kutunga pamoja na watu. Mtu wa Malya amekuwa mwalimu wa mtu wa Leeds na wa Chicago, ingawa hakuna aliyempa cheti.

Hapo nina neno moja la kulalamika. Profesa alipata udaktari, na alistahili. Manju aliyemfundisha jinsi ya kunyamazisha uwanja amekufa katika nyumba ya majani, na nyimbo zake, zisipokuwa zile zilizonaswa na watafiti, zimekwenda naye. Mashujaa wa Bagika na Bagalu hawakupata kualikwa kufundisha katika ukumbi wa chuo kwa mshahara kama wanavyofundisha wengine. Sioni kwa nini isiwe hivyo. Fundi wa chuma hufundisha katika chuo cha ufundi hata kama Kiingereza chake ni haba.

Wala sitaki mtu adhani kwamba mchezo mmoja uliponya ugonjwa wa Malya. Mchezo hauna polisi wala hazina. Waweza kulitoa jambo ndani ya nyumba na kuliweka mchana kweupe, lakini baada ya hapo lahitaji watu wa kulishika, yaani wazazi, walimu, serikali ya kijiji, mahakama. Na hao wakirudi nyumbani kulala, jambo nalo hurudi mahali pake. Mwanafunzi ambaye hajafundishwa mpaka huu wa kazi yake atadanganya watu, naye mwenyewe atadanganyika.

Walakini jambo la Malya halikulala kabisa. Mwaka 1996 idara ile ile ya Dar es Salaam ilianzisha katika shule za sekondari mpango uitwao Tuseme. Wasichana wenyewe huchunguza mambo yanayowazuia kusoma, wakayatungia mchezo, wakayaonyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha yakajadiliwa. Ni Malya iliyoingia shuleni. Profesa Mlama baadaye akaongoza huko Nairobi lile shirika la wanawake wa Afrika wanaoshughulika na elimu ya wasichana, liitwalo FAWE, na Tuseme ikavuka mipaka ikaingia katika shule za nchi nyingine.

Kwa miaka mingi, msichana wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na huo ukawa mwisho wa masomo yake katika shule za serikali, lakini aliyempa mimba mara nyingi aliendelea na yake. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua ataweza kurudi darasani. Tangu watu wa Malya walipolijadili jambo hilo uwanjani, ilikuwa imepita miaka 39. Wale mabinti walioimba siku zile, walio hai kati yao, sasa ni bibi wenye wajukuu shuleni.